Laini Moja, Kompyuta Nne: Namna ya Kugawana Intaneti ya Simu Nyumbani

Naulizwa swali hili na majirani, na ndugu, na hata watu ambao sijawahi kuonana nao: "Nyumbani tuna kompyuta tatu au nne na bando moja kubwa kwenye laini; tufanyeje ili zote zipate intaneti bila kila mmoja kununua bando lake?" Baada ya wiki moja, mtu yuleyule hurudi na swali la pili: "Mbona bando la mwezi limekwisha siku ya tano?" Mwongozo huu unayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa kuziunganisha kompyuta ni kazi ya nusu saa, ilhali kuzizuia zisilimalize bando ndiyo kazi inayowashinda wengi.

Nimewalenga wale ambao faiba haijawafikia na intaneti yao yote inaingia kwa laini ya simu. Mifano ni ya hapa Tanzania, na kompyuta ninazozizungumzia ni za Windows 10 na Windows 11, ambazo ndizo ninazozikuta katika nyumba nyingi ninazoitwa.

Zipo njia tatu za kugawa intaneti ya laini: kuwasha hotspoti ya simu, kuchomeka modemu ya USB kwenye kompyuta moja ili izigawie nyingine, au kuweka laini ndani ya rauta inayotumia laini. Ushauri wangu ni kununua rauta. Simu ikitoka nyumbani huondoka na intaneti ya familia nzima, na kompyuta yenye modemu ikizimwa, wengine wote hukatika. Rauta hukaa mahali pamoja na haimtegemei mtu yeyote awepo. Hatua zilizoko hapa chini ni za rauta. Njia nyingine mbili nimezieleza kwa ufupi baadaye kwa ajili ya asiyeweza kununua kwa sasa.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Laini iliyosajiliwa kwa jina lako kwa alama za vidole na namba yako ya NIDA. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usitumie laini ambayo ndani yake kuna pesa zako za simu, kwa sababu ujumbe wote wa laini hiyo utakuwa unaingia kwenye rauta, na siku utakapotaka kumtumia mtu fedha itabidi uichomoe na kuiacha nyumba nzima bila intaneti.
- Bando la intaneti, ukiwa umesoma masharti yake. Angalia hasa kama GB zake zote zinatumika saa zote, au sehemu yake ni ya usiku tu.
- Rauta ya 4G yenye tundu la laini na angalau tundu moja la waya wa mtandao. Kabla ya kulipa, omba uweke laini yako mwenyewe palepale dukani. Rauta nyingi zimefungwa zitumie mtandao mmoja tu, na nyingine zilitengenezwa kwa soko la nchi nyingine, hivyo hazina masafa yanayotumiwa na minara yetu. Dakika tano za kujaribu dukani zitakuepusha na hasara ya kudumu.
- Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e kwa kila kompyuta ya mezani.
- Chaja ya rauta yenyewe, pamoja na, ukiweza, betri ndogo ya akiba inayotoa volti zilezile za rauta. Nyingi hutumia volti 12, lakini soma kibandiko.
- Karatasi na kalamu. Nywila mpya utakazoziweka leo zinapaswa kuandikwa leo.

Hatua za kazi

1. Kadiria matumizi ya nyumba yako kwanza. Andika nani anafanya nini. Saa moja ya video ya ubora wa HD inaweza kula hadi GB 3, lakini video hiyohiyo kwa ubora wa kawaida hula chini ya GB 1. Mkutano wa video wa saa moja huweza kutumia kati ya nusu GB na zaidi ya GB 1, kutegemea ubora na idadi ya watu. Kusoma barua pepe, kuandika na kufungua kurasa za kawaida ni matumizi madogo sana. Mwanafunzi mmoja anayetazama masomo kwa video saa mbili kila siku katika ubora wa HD anaweza peke yake kumaliza zaidi ya GB 100 kwa mwezi. Ukilijua hilo kabla ya kununua bando, hutamlaumu muuza bando.

2. Andaa laini ukitumia simu. Weka laini kwenye simu, nunua bando, kisha zima waifai ya simu na ufungue ukurasa wowote ili uhakikishe kuwa intaneti inafanya kazi. Kama laini ina PIN inayoulizwa simu inapowaka, iondoe kwenye mipangilio, kwa sababu rauta nyingi husimama kimya zikiisubiri PIN hiyo kila umeme unapokatika na kurudi. Fungua pia sehemu ya APN (jina la njia ambayo laini huitumia kuingia kwenye intaneti) katika mipangilio ya simu na uandike jina lililopo herufi kwa herufi.

   Tahadhari: angalia ukubwa wa kadi. Laini za leo hukatwa ndogo kabisa, lakini matundu ya rauta nyingi ni ya ukubwa wa zamani. Ukiiweka kadi ndogo ndani ya fremu ya plastiki, hakikisha imekaa sawasawa na haitoki upande mmoja. Kamwe usiingize fremu tupu. Nimefungua rauta zaidi ya moja na kukuta vipini vyembamba vya dhahabu vimejikunja kuelekea nyuma kama nywele zilizochanwa vibaya, kwa sababu fremu tupu ilivinasa wakati ikichomolewa kwa nguvu. Rauta ya namna hiyo haisomi laini tena.

3. Tafuta mahali pa kuweka rauta kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Hatua hii ndiyo inayoamua kasi utakayoipata, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote. Watu huiweka rauta penye soketi, ilhali inapaswa kuwekwa penye mawimbi, kisha soketi iifuate kwa waya wa kuongezea.

   Mawimbi ya mnara hudhoofishwa na bati, kuta za zege, nondo, na hata wavu wa chuma wa kuzuia mbu madirishani. Nyumbani kwa shangazi yangu, Muheza, rauta ilikaa muda mrefu nyuma ya televisheni sebuleni, na kila jioni watoto walilalamika. Madirisha yote ya sebule ile yana nondo na wavu wa chuma. Tuliichukua rauta tukaenda nayo chumba kwa chumba, tukisubiri dakika mbili kila mahali. Ilipofika koridoni, juu ya rafu iliyo karibu na matofali ya matundu yanayopitisha hewa, usomaji wa nguvu ya mawimbi ulitoka -113 hadi -98. Laini na bando vilikuwa vilevile, na hatua tulizopiga hazikuzidi sita, lakini tangu siku hiyo binamu yangu anahudhuria vipindi vyake vya mtandaoni bila kukatika.

   Usomaji huo huitwa RSRP na hupatikana katika ukurasa wa hali ya rauta, ambao nimeeleza namna ya kuufungua katika hatua ya nne. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwenye -85 hivi mambo ni mazuri, -100 yanavumilika, na ukishapita -110 tarajia matatizo. Usitegemee vijitaa vya mbele, kwa kuwa huonyesha picha ya jumla tu. Jaribu karibu na dirisha linaloelekea upande wa mnara, juu ya kabati badala ya sakafuni, na mbali na friji na tanuri la maikrowevu. Usiiweke penye jua la moja kwa moja, kwani rauta ikipata joto hupunguza kasi au hujizima.

4. Ingia kwenye mipangilio na ubadilishe nywila zote mbili. Unganisha kompyuta moja na rauta kwa waya, fungua kivinjari, na uandike anwani iliyoko kwenye kibandiko chini ya rauta. Mara nyingi huwa 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ingia kwa jina na nywila zilizoandikwa hapohapo, kisha fanya yafuatayo kwa mpangilio huu: badilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio, badilisha jina la waifai, ukiepuka kuandika jina la familia au namba ya nyumba, weka nywila mpya ya waifai yenye herufi 12 au zaidi, chagua ulinzi wa WPA2, au WPA3 kama vifaa vyako vyote vinaukubali, na uzime kipengele cha WPS (kinachounganisha vifaa kwa kitufe au PIN badala ya nywila). Kama intaneti haijaanza yenyewe, tengeneza wasifu mpya wa APN kwa jina ulilonakili kutoka kwenye simu.

   Kosa la kawaida hapa ni kubadilisha nywila ya waifai na kuiacha ile ya mipangilio ilivyotoka kiwandani. Yeyote utakayempa waifai yako, hata mgeni wa siku moja, ataweza kuingia kwenye mipangilio na kukufungia nje.

5. Unganisha kompyuta moja baada ya nyingine. Kompyuta za mezani ziunganishwe kwa waya inapowezekana, kwa kuwa waya hauathiriwi na kuta. Ukimwita fundi akuvutie waya mrefu, mwambie apange nyuzi kwa mfuatano uleule pande zote mbili: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Waya mmoja usizidi mita 100, umbali ambao nyumba ya kawaida haiufikii. Kompyuta ya mezani isiyo na waifai na isiyofikika kwa waya huhitaji kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB.

   Kompyuta mpakato zitatumia waifai. Kama rauta yako inatoa waifai mbili, ile ya 5 GHz ni ya haraka ila haipiti kuta vizuri. Itumie kwa walio chumba kimoja na rauta. Ile ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi, lakini katika mtaa wenye nyumba zilizobanana huingiliana na za majirani, hivyo chagua chaneli 1, 6 au 11, yoyote iliyo na msongamano mdogo.

   Windows itakapouliza kama mtandao ni wa umma au wa binafsi, chagua wa binafsi ikiwa tu unataka kompyuta zako zipeane mafaili au zitumie printa moja. Kwa intaneti peke yake, chaguo la umma linatosha na ni salama zaidi.

6. Zibane kompyuta zisile bando kimyakimya. Fanya hivi siku hiyohiyo kabla hujalala. Kompyuta iliyounganishwa kwa waifai au kwa waya hudhani kuwa intaneti haina kikomo, na hapo huanza kupakua masasisho ya Windows, kupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni na kusasisha michezo. Kompyuta nne zikifanya hivyo usiku mmoja, asubuhi hutakuta kitu.

   Kwenye kila kompyuta fungua mipangilio ya "Network & internet", ingia kwenye sifa za mtandao unaoutumia, kisha washa "Metered connection". Kuanzia hapo Windows itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho. Kumbuka mambo mawili: mpangilio huu hufanywa kwenye kila kompyuta peke yake, na umefungamana na jina la waifai, hivyo ukibadilisha jina hilo baadaye itabidi uuwashe upya. Kompyuta iliyounganishwa kwa waya nayo ina mpangilio wake chini ya "Ethernet", na wengi huusahau.

   Kisha fungua "Delivery Optimization" ndani ya sehemu ya masasisho. Hakikisha hairuhusu kompyuta yako kuzipelekea kompyuta za watu usiowajua sehemu za masasisho kupitia intaneti. Ruhusu kompyuta za ndani ya nyumba yako tu. Simamisha OneDrive au hifadhi nyingine ya mtandaoni kama hiyo, na uiwashe kwa makusudi unapokuwa na GB za usiku. Kwa simu zitakazotumia waifai hiyo, Android ina chaguo la kuichukulia waifai kama mtandao wenye kikomo, na iPhone ina "Low Data Mode". Usiache masasisho ya usalama yapite miezi mingi. Panga usiku mmoja kwa mwezi, zima "Metered connection" kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, zisasishe, kisha uiwashe tena.

7. Weka kikomo kwenye rauta yenyewe. Rauta nyingi zina ukurasa wa takwimu unaoonyesha GB zilizotumika, na humo unaweza kuandika ukubwa wa bando na siku linapoanza. Zipo pia zinazokuonyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kukuruhusu kukizuia kimoja. Tafuta vilevile ukurasa wa ujumbe mfupi: taarifa za salio na za bando kukaribia kwisha huingia hapo, na watu hukaa miezi bila kujua kuwa walikuwa wakionywa. Kwa wageni, washa mtandao wa wageni wenye nywila yake, ili wakiondoka uibadilishe nywila hiyo bila kuzigusa kompyuta zenu.

8. Pima. Pima kasi ukiwa na kompyuta moja iliyounganishwa kwa waya, kisha zote zikiwa zinatumika. Andika matokeo pamoja na saa. Bila kumbukumbu hiyo, siku intaneti itakapokuwa nzito hutajua kama tatizo ni jipya au lilikuwepo tangu mwanzo. Kipimo chenyewe hula data, kwa hiyo usikirudierudie.

Kama huna rauta bado

Ukiwa na simu, washa hotspoti na uiwekee nywila imara. Kwa kompyuta moja tu, ni afadhali kuiunganisha simu kwa waya wa USB na kuchagua kugawa intaneti kwa USB: simu inapata chaji wakati huohuo na muunganisho hautetereki. Kwa kutumia simu saa nyingi tarajia joto, na betri itachakaa mapema. Iondoe kwenye kava na usiiweke juu ya kitanda.

Ukiwa na modemu ya USB, ichomeke kwenye kompyuta inayokaa imewashwa muda mrefu, kisha fungua "Mobile hotspot" katika mipangilio, uchague muunganisho wa modemu kuwa ndio unaogawiwa, na uweke jina na nywila. Windows inaruhusu vifaa visivyozidi 8. Kompyuta hiyo lazima iwe na waifai yake, na uizuie isilale, vinginevyo kila mtu atakatika mwenye kompyuta akienda kula. Modemu ikikosa mawimbi karibu na kompyuta, tumia waya mfupi wa USB wa kuongezea uisogeze dirishani. Waya mrefu sana huinyima modemu umeme wa kutosha, ikawa inawaka na kuzima.

Ikishindikana

*Kompyuta zote zimeunganishwa lakini hakuna intaneti.* Anza na salio la bando, kisha APN, kisha uiweke laini kwenye simu. Simu nayo ikikosa intaneti, rauta haina kosa.

*Kompyuta moja tu ndiyo inayokataa.* Isahaulishe waifai hiyo na uiunganishe upya. Ukiona anwani yake inaanza na 169.254, maana yake haikupewa anwani na rauta. Izime na kuiwasha, na kama inatumia waya, ubadilishe waya. Tatizo hili hutokea pia mtu anapoongeza rauta ya pili ili kufikisha waifai chumba cha nyuma na kuiacha nayo igawe anwani. Kwenye rauta hiyo ya pili, zima DHCP (kipengele kinachogawa anwani), ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, na uchomeke waya kwenye tundu la LAN badala ya WAN.

*Kasi ni nzuri alfajiri na mbaya saa mbili usiku.* Huo ni msongamano wa mnara, na hakuna mpangilio wa ndani ya nyumba utakaoumaliza. Hamishia upakuaji mkubwa alfajiri, au jaribu laini ya mtandao mwingine kwenye rauta hiyohiyo kwa bando la siku moja kabla ya kuamua kuhama.

*Kila kitu kinakwama mtu mmoja anapotuma faili kubwa.* Njia ya kupandisha ni nyembamba kuliko ya kushusha, na ikijaa hata kurasa ndogo husubiri. Mara nyingi mhusika ni simu inayohifadhi picha mtandaoni.

*Rauta inajizima na kujiwasha.* Ishike, kama ni ya moto sana, ihamishe. Kisha linganisha chaja na kibandiko: volti lazima zifanane kabisa, na ampea za chaja zisiwe pungufu. Chaja ya king'amuzi huweza kuingia vizuri kwenye tundu na bado ikawa si sahihi.

*Bando linakwisha hata mkiwa mmelala.* Fungua orodha ya vifaa na uhesabu. Ukikuta kifaa usichokijua, badilisha nywila ya waifai usiku huohuo. Ukikuta vyote ni vyenu, zima kimoja kimoja na uangalie takwimu za rauta baada ya nusu saa kila mara.

*Kamera za ulinzi hazionekani ukiwa nje ya nyumba.* Kwenye laini za simu, wateja wengi hushirikishwa anwani moja ya intaneti, kwa hiyo kufungua milango kwenye rauta ("port forwarding") hakusaidii hata ukifuata maelekezo yote. Tumia huduma ya mtandaoni ya mtengenezaji wa kamera, na uziweke kamera zirekodi kwenye kadi yake ya ndani ili zisile bando kwa kutuma picha saa 24.

*Umesahau nywila ya mipangilio.* Nyuma au chini ya rauta kuna kitundu kidogo. Rauta ikiwa imewashwa, bonyeza ndani yake kwa pini kwa takriban sekunde 10 mpaka taa zote zizime na kuwaka, kisha chukua ile karatasi yako na uanze tena kutoka hatua ya nne.